Mvinyo mtamu unapotoa gesi: chanzo chake na la kufanya

Mvinyo mtamu ulioongezewa pombe kali, ule wa mtindo wa port ya Ureno, hutakiwa kutulia kwenye glasi. Ukifungua chupa ikapiga "pss" na vipovu vikapanda, kuna kitu bado kinachachuka ndani, au gesi ilifungiwa humo tangu mwanzo. Kwa msindikaji mdogo wa zabibu wa Dodoma, mimi huanza kuuliza kuhusu pombe aliyoongeza.

Kwenye bonde la Douro huko Ureno, inakotoka port, mchuzi wa zabibu ukiwa katikati ya kuchachuka hutiwa spiriti ya zabibu yenye pombe asilimia 77, takriban lita 115 kwa lita 435 za mchuzi. Hamira inazimika, sukari inabaki, na mvinyo unatoka na asilimia 19 hadi 22. Pombe ya dukani ya asilimia 35 haiwezi kazi hiyo kwa kipimo kile kile. Mvinyo wa asilimia 10 ukitaka ufike 18, kila lita 17 zinadai lita 8 za pombe hiyo. Ukitia lita 3 kwa sababu ulimi umeshahisi ukali, hujafika hata asilimia 14, na hapo hamira nyingi bado ziko kazini. (Gongo usiliguse: ni haramu, na huwezi kujua lina nini ndani.)

Hata kipimo kikiwa sahihi, kukoroga kunasahaulika. Pombe ni nyepesi kuliko mchuzi wenye sukari, kwa hiyo huelea juu huku chini ya dramu hamira ikiendelea kula sukari. Koroga kuanzia chini, kisha pima pombe ya juu na ya chini kabla ya kujaza chupa.

Tatizo gumu zaidi ni bakteria. Baadhi ya jamii ya Lactobacillus huishi kwenye pombe ya asilimia 20, hula sukari na kutoa gesi pamoja na asidi ya siki. Hupenda mvinyo wenye asidi kidogo, na zabibu zilizoiva kwenye joto kali hupoteza asidi haraka. Ndiyo maana nashauri upime pH (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua) siku ya kukamua, na ikizidi 3.6 uongeze asidi ya tataliki, ile ya asili ya zabibu, kabla ya kuchachusha. Salfaiti, dawa ya kuzuia vijidudu kwenye mvinyo, nayo hutegemea pH: kwenye 3.8 nguvu yake ni chini ya nusu ya ile ya 3.4. Gramu 1 ya metabisalfaiti ya potasiamu, unga unaotoa salfaiti hiyo, kwa lita 10 inafaa kwa kuanzia. Sorbati, kihifadhi kingine, usiitegemee hapa, kwani huzuia hamira, si bakteria, na baadhi ya bakteria huigeuza kuwa harufu mbaya ya majani.

Kutofautisha gesi ya zamani, hamira na bakteria, mimina glasi, itikise mpaka gesi iishe, kisha jaza chupa safi, ifunike bila kukaza na uiache mahali penye joto la kawaida kwa wiki moja. Gesi isiporudi na mvinyo ukabaki angavu, ilikuwa gesi ya zamani iliyofungiwa kwa haraka, haina madhara. Ikirudi, linganisha kipimo cha sukari na ulichoandika wakati wa kujaza: kikishuka sana, ni hamira. Ukiona ukungu unaozunguka kama hariri, au nyuzi nyeupe chini ya chupa, na ladha imechachuka, ni bakteria.

Chupa zilizoshikwa na gesi ziweke baridi na zisimame, vaa miwani unapozifungua, maana kioo hupasuka. Ikiwa ni hamira, rudisha mvinyo kwenye chombo, ongeza pombe mpaka asilimia 18, koroga na uchuje. Ikiwa ni bakteria na mvinyo unaacha mdomoni harufu ya panya, haurekebishiki. Umwage, chemsha vizibo na mipira ya kupitishia mvinyo, na usiuchanganye na pipa lingine.