Somo: Vifaa vya kompyuta ya gemu ya bei ya kati

Wakuu, kila wiki naulizwa haya haya inboksi. Naandika mara moja, msome kabla ya kuuliza. Lengo ni kucheza kwa 1080p (picha ya Full HD) bila kukwamakwama.

1. Prosesa: Ryzen 5 5600. Kori 6, wati 65, inatosha.

2. Mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote): B550. Ukipewa B450 iliyokaa sana dukani, hakikisha BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) imesasishwa, la sivyo haitaitambua prosesa hii.

3. RAM: GB 16 za DDR4 3200, vijiti viwili vya 8.

4. Kadi ya grafiki: pesa nyingi ziende hapa. RX 6600 inatosha. RTX 3060 ya GB 12 kama unahariri na video.

5. Diski: NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi) ya TB 1.

6. Pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme kwa vifaa vyote). Hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua kasha lenye pawasaplai ndani, ubavuni imeandikwa wati 600. Mwezi wa nne umeme ulikatika, uliporudi nikasikia mlio na harufu ya kuungua. Iliondoka na mazabodi na kadi. Fundi akanionyesha lebo: mstari wa 12V, unaolisha prosesa na kadi, ulikuwa ampea 18. Zidisha kwa 12, unapata wati 216, na RX 6600 peke yake inakula 132. Kwa hiyo soma ampea za 12V, usisome namba kubwa. Chukua wati 550 ya kampuni inayojulikana, 12V isipungue ampea 38. Alama ya 80 Plus inapima upotevu wa umeme tu, haikuhakikishii ulinzi. Usiifungue hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna umeme unaobaki. Na usitumie nyaya za pawasaplai nyingine hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, utaunguza diski.

MASWALI

Mdau wa Morogoro: Mkuu, ile pawasaplai inayokuja na kasha haifai kuanzia?
Jibu: Soma namba 6 hapo juu.

Mdau wa Morogoro: Mbona jamaa yangu anayo mwaka wa pili?
Jibu: Sijasema zote zinaungua. Nimesema ikiungua haifi peke yake, na mimi nimelipia.

Mdau wa Nakuru: Kwa nini vijiti viwili na si kimoja cha 16?
Jibu: Swali zuri sana. Prosesa ina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Kijiti kimoja kinaacha moja bure, na kwenye gemu utaliona hilo. Vichomeke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), maana bila hiyo RAM ya 3200 hukimbia chini ya hapo.

Mdau wa Mwanza: Nimeunga kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Msaada haraka!
Jibu: HDMI umechomeka wapi?

Mdau wa Mwanza: Kwenye mazabodi.
Jibu: 5600 haina grafiki ya ndani. Chomeka kwenye kadi.

Mdau wa Mwanza: Imewaka! Ubarikiwe mkuu.

Mdau wa Tanga: Mimi kompyuta nimeipitishia kwenye friji gadi, umeme ukirudi inasubiri kwanza kabla ya kuupitisha.
Jibu: Hiyo nzuri, nami nafanya hivyo sasa. Ukipata pesa ongeza UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), upate dakika chache za kusevu na kuzima taratibu. Ila printa ya leza usiiweke kwenye UPS hiyo, itaizidi nguvu.