Kocha kapewa thenkyu, sasa nani aje? Namna ya kubishana kijiweni mpaka mfike mahali

Mbukwenyi wana Dodoma, na majirani zetu wa Singida pia. Naandika hii kwa sababu nimechoka, yani kila kocha akipewa thenkyu, akifukuzwa, kijiwe chetu pale Majengo kinageuka kikao cha ukoo chenye kesi ya shamba, watu wanapayuka masaa matatu, kahawa inaisha birika linabaki tope, halafu kesho yake hakuna anayekumbuka jana tulikubaliana nini. Mimi ni Simba, sifichi. Nusu ya kijiwe ni Yanga. Wote kwa pamoja tuna mtoto wetu Dodoma Jiji, Walima Zabibu, ambaye kiukweli tunamkumbuka siku Simba au Yanga inakuja uwanja wetu wa Jamhuri, aibu yetu wenyewe. Kwa hiyo haya ninayosema nimeyajaribu kwenye mazingira magumu.

Cha kwanza kabisa, usiku wa tangazo msijadili jina. Ule usiku ni wa msiba, waacheni watu walie. Mimi tarehe 5 Novemba 2023, ile tano moja tuliyopigwa na Yanga, nilisimama nikasema aje hata kocha wa timu ya bodaboda wa Nkuhungu mradi kocha wetu Robertinho aondoke, na sikuwa natania. Siku mbili mbele akaondoka kweli, na mimi nikabaki sina jina la maana mdomoni zaidi ya yule wa bodaboda. Hasira inajua nani aondoke, nani aje haijui. Subirini angalau kesho yake jioni, watu wakiwa wameshaoga na wamerudi kazini, hata wale wa Mtumba wameshuka kwenye daladala, ndo muanze.

Sasa mkianza, na hapa ndo watu wengi wanapokosea, msianze na jina, anzeni na ugonjwa. Timu inaumwa nini? Hafungi? Anafungwa dakika za mwisho? Anafungwa mipira ya kona? Anashinda nyumbani halafu ugenini anakuwa kama mgeni wa harusi asiyejua amealikwa na nani? Maana makocha ni kama dawa, huwezi kuingia duka la dawa ukasema nipe ile ya gharama.

Hili nilifundishwa na fundi viatu wetu, jamaa haongei sana, anashona tu. Siku moja tunabishana Mbrazili au Mwarabu, Mwarabu au Mbrazili, akaweka kiatu cha mtu chini, akakusanya vizibo vya soda, vyekundu sisi, vya njano Wananchi, yani Yanga, akavipanga kwenye vumbi. Akatusogezea beki wetu wa kulia mbele, na wa kushoto mbele, halafu akachukua kizibo cha namba sita, yule kiungo mkabaji, akakiacha palepale kimelala. Akachora mstari na msumari kutoka kwa winga wao mpaka golini. "Kaka, mlete hata malaika, huyu asiporudi kuziba hapa mtakula tano nyingine." Tukanyamaza wote. Katikati ya ule ukimya mbuzi wa jirani akapita juu ya vizibo akavuruga safu nzima ya ulinzi, mtu wa Yanga akasema ona, hata mbuzi anapita katikati ya mabeki wenu. Utani ukaendelea lakini toka siku ile mtu akileta jina tunamuuliza, huyo anatibu namba sita? Kama hajui, anakaa chini anamalizia kahawa yake.

Mkishaujua ugonjwa ndo majina yaje, na kila jina lipite kwenye maswali kadhaa. Sio lazima kwa mpangilio, sisi wenyewe tunarukaruka.

Yuko huru au ana mkataba? Watu wanataja kocha aliye kazini Morocco, anakula vizuri, timu yake iko juu, halafu wanashangaa mbona haji. Kocha mwenye mkataba anavunjiwa kwa hela, na ile hela ni straika ambaye hamtamsajili. Na mkumbuke mlango ni ule ule wa kutokea, ukimleta mzuri wakubwa wanamuona. Kocha Nabi alipotoka Yanga alienda Morocco, kocha wetu Fadlu Davids alitufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025, mwezi wa tisa mwaka huohuo Raja Casablanca wakawa wameshambeba. Kwa hiyo mnapojadili kocha mpya jadilini na siku atakayoondoka, ingawa najua inaboa.

Leseni. Hili watu wanaliona la makaratasi mpaka liwaume. Mwaka 2021 sisi tulikuwa na Didier Gomes, mtu anajua mpira, ikafika Ligi ya Mabingwa Afrika leseni yake ya ukocha haikidhi masharti ya CAF, wale wanaosimamia mpira wa Afrika, ikabidi aongezwe Thierry Hitimana aliyewahi kuinoa Namungo. Mwezi wa kumi tukatolewa na Jwaneng Galaxy, kwao tumeshinda mbili bila, uwanja wa Mkapa, Dar, tukapigwa tatu moja. Sisemi leseni ndo ilitufunga, mabao yalifungwa na watu, ila ukiwa unamtetea mtu wako kijiweni hakikisha kwanza anaruhusiwa kukaa kwenye benchi, la sivyo Yanga watakucheka mpaka Ramadhani.

Anakuja na nani? Swali hili ni la dada anayetuuzia chapati, Yanga damu, na ndo swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale. Sisi wanaume tunamwaga sifa za kocha, yeye anageuza chapati, bila kutuangalia anasema, "Kaka zangu, huyo mtu wenu anakuja peke yake au na watu wake?" Maana kocha siku hizi ni benchi zima, kuna msaidizi, kuna wa viungo, wa makipa, kuna mtu wa kukata video za wapinzani. Ukimleta mkuu peke yake ukampa wasaidizi asiowajua, wiki ya tatu wanakula meza tofauti. Na mara nyingi kocha mliyemsifia kwa mazoezi makali, yale mazoezi yalikuwa ya msaidizi wake.

Alikotoka alikuwa na nini? Usipime makombe tu. Robertinho tulimtaka kwa sababu akiwa na Vipers ya Uganda aliitoa TP Mazembe kwa matuta, na ile ilikuwa hoja nzuri, bajeti ya Vipers na ya Mazembe sio ndugu. Ila kuna swali hatukuuliza, mtu aliyezoea kuwa mdogo anayejilinda akipewa timu inayotakiwa kushambulia kila wiki inakuwaje? Hilo swali lina thamani kuliko orodha ya medali. Na kinyume chake pia, kocha aliyebeba makombe na timu yenye kila kitu hajakuonyesha kitu bado.

Na mdomo wake ukoje. Nalipita haraka hili. Luc Eymael alifukuzwa Yanga Julai 2020 baada ya sauti akiwatukana mashabiki kuzagaa kwenye simu zetu zote. Ulizeni alikotoka aliagana nao vipi, inatosha.

Haya, tuje kwenye ugomvi wenyewe, mzawa au mzungu. Hapa ndo vikombe vinavunjika. Kuna jamaa kwetu mzawa akitajwa anacheka kabla jina halijaisha, na hawezi kukwambia kwa nini anacheka. Mimi namrudisha Septemba 2022. Kocha wetu Zoran Maki ameondoka, msimu haujafika hata mwezi, tumebaki yatima, akaitwa Juma Mgunda kutoka Coastal Union. Watu wakasema huyu wa muda tu huyu. Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika akawatoa Nyasa Big Bullets, akaenda Angola akawapiga Primeiro de Agosto tatu moja kwao, tukaingia makundi. Sasa sisemi mzawa siku zote, hapana, kuna wazawa wanapewa timu kwa undugu na wazungu wanaletwa kwa wasifu uliopakwa rangi, ninachotaka mtu aseme anachokipinga ni kazi ya mtu au pasipoti yake. Akishindwa kutofautisha, mwambie kwa upole, kama ni mkubwa kwako anza na shikamoo.

Alafu hii ya "apewe muda". Kijiweni kwetu tuna sheria, marufuku kumtaja Ferguson. Ndio tunajua alifika Manchester United Novemba 1986 akabeba kombe la kwanza 1990, tumeambiwa, tumekariri, kila kocha anayepoteza mechi nne mfululizo lazima atokee mtu amtaje, kama vile kila anayefungwa ni Ferguson anayeiva taratibu. Wengine wanaoza tu. Ukitaka mfano chukua wa hapahapa. Nabi alifika Yanga Aprili 2021, Septemba ile wakatolewa na Rivers United ya Nigeria, ndani nje moja bila, na mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia Yanga wa kijiweni mfukuzeni, kwa nia mbaya kabisa nakiri. Hawakumfukuza. Msimu ule wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi. Mwaka uliofuata wakatolewa na Al Hilal ya Sudan, wakashuka Shirikisho, wakatembea nalo mpaka fainali ya 2023 na USM Alger, wakalikosa kwa goli la ugenini tu. Lakini angalia nini walichokuwa wanakiona wakati wanafungwa, timu ilikuwa inaonekana inajengwa, mpira unatoka nyuma, watu wanajua waende wapi. Kwa hiyo ukisema apewe muda, uniambie umeona nini kwenye mechi aliyopoteza. Gamondi naye, aliyemfuata Nabi pale Yanga, ubingwa 2024, robo fainali Afrika, Novemba mwaka huo akafungwa na Azam halafu Tabora United, kaondoka. Baadae akaja kuibukia huku kwetu kanda ya kati, Singida Black Stars. Watu wa Singida ninaowajua wala hawakuuliza kwa nini Yanga walimuacha, walisema karibu.

Na kwa Walima Zabibu mizani ni nyingine kabisa, naomba msilete hoja za Simba na Yanga pale. Ile ni timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu 2020 na kocha Mbwana Makata, na miaka yote hesabu ni kubaki. Kocha wa timu kama ile unamtafuta anayeijua ligi kwa miguu, anajua uwanja upi hauna nyasi upande wa kushoto, anajua mchezaji gani kaachwa na timu kubwa akiwa bado na mpira, anavumilia safari ndefu za basi bila kulalamika kwenye mikrofoni. Ndo maana Mecky Maxime alipoletwa 2024 mimi sikubisha, mtu kapita Mtibwa kapita Kagera Sugar, hiyo ligi anaijua kama mnada wa Msalato. Mtu akileta jina la Mfaransa kwa Dodoma Jiji muulize kwanza atalipwa na mapato gani.

Tetesi nazo. Picha ya mtu airport akiwa na kofia sio ushahidi. Mawakala wanatupa majina ya wateja wao kwenye timu zetu ili waongezewe mshahara huko waliko, sisi huku tunapigana. Kijiweni kwetu anayesema "nina chanzo cha ndani" anatakiwa anunue kahawa ya wote kwanza halafu ndo aseme. Vyanzo vimepungua sana.

Mwisho wa mjadala, kila mtu aandikwe. Muuza kahawa ana daftari lake la madeni, kurasa za nyuma ni zetu, tarehe, jina lako, jina la kocha wako, na sababu moja tu. Sababu ni lazima. Baada ya mechi kumi za ligi tunalifungua, waliokosa wananunua. Ukurasa wa 2022 jina langu liko pale na Zoran Maki, sababu nimeandika "ana uzoefu wa Angola na Morocco", na nililipa vikombe kumi na nne kwa mia mbili mia mbili. Mzee mmoja mwalimu mstaafu mstari wake unasema "yeyote, ila beki wa kushoto kwanza", na mpaka leo hatujakubaliana kama alishinda au alikosa. Tumieni kalamu ya wino lakini, sisi tulianza na penseli na kuna mtu, simtaji, yeye anashona tu viatu vyake, alifuta.