Diski ya Blu-ray inakwama au haitoi picha: anzia hapa

Baridi ya Juni na Julai, Uyole au Mafinga, huisumbua deki kuliko vumbi. Ikihamishwa kutoka chumba cha baridi kwenda sebule yenye jiko, lenzi hushika ukungu na deki hudai hakuna diski. Usiifungue. Toa diski, iache deki ikiwa imewashwa saa moja hadi mbili ikauke.

Picha ikiganda palepale kila mara, tatizo ni diski. Tabaka la data la Blu-ray liko milimita 0.1 tu chini ya uso (la DVD ni 0.6), kwa hiyo hata alama ya kidole yatosha kuikwamisha. Futa kwa kitambaa laini kikavu, kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Dawa ya meno usiiguse: inakwangua.

Zikiganda diski mpya tu, za zamani zinacheza, sasisha programu ya deki kwa flashi. Umeme ukikatika katikati, deki inaweza kufa kabisa. Subiri siku umeme umetulia.

Sauti ipo, picha hakuna? Chomoa waya wa HDMI pande zote mbili, urudishe, washa TV kabla ya deki. TV ya zamani ikibaki nyeusi, kwenye mipangilio ya deki zima 24p (picha 24 kwa sekunde) na ushushe ukali wa picha hadi 720p.

Kabla ya kununua, tazama herufi ya kanda (eneo la dunia ambako diski inaruhusiwa kucheza) nyuma ya kasha. Deki za Tanzania ni kanda B. Diski ya Marekani yenye A pekee itakataliwa hata ikiwa mpya.