Namna ya kuzima kususiana kabla hakujafika makaburini

Dalili za kususiana kwa sababu ya vyama huanzia dukani: mtu anaambiwa sukari imekwisha na gunia analiona. Kisha gari ya abiria inampita kituoni. Baada ya uchaguzi wa Zanzibar kurudiwa Machi 2016, Pemba ilifika hadi watu kutozikana kwa sababu ya vyama.

Tafuteni wasuluhishi wanne, wawili kila upande, na kila upande utoe mwanamke mmoja. Wanawake ndio wanaojua nani kaacha kwenda kwa nani. Viongozi wa matawi na wagombea wasiwemo. Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, apewe taarifa, lakini asiongoze kikao: huteuliwa, hachaguliwi, na upinzani humhesabu mtu wa serikali.

Zungumzeni na kila upande mbali mbali kwanza. Ulizeni matendo: nani kakataliwa nini, wapi, lini. Anayesema "wale wote ndivyo walivyo" mrudisheni kwenye tukio. Hata Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Karume, na Maalim Seif wa upinzani (CUF), Novemba 2009, walikutana faragha kwanza. Kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa ilikuja baadaye, Julai 2010.

Kikao kiwe baada ya Isha, watu wasiozidi kumi na wawili, uwani kwa mtu anayekubalika pande zote. Maskani, yaani kijiwe cha chama, yenye bendera haifai. Msikitini pia msiende, maana mkigombana humo mtakuja kugawana misikiti. Simu zote ziwekwe kwenye sinia moja. Sauti ya mzee ikirikodiwa na kusambazwa, hamtompata tena. Nani alishinda na nani aliibiwa kura, hayo hayaingii.

Kubalianeni mambo matatu tu: maiti azikwe na wote, duka limuuzie mwenye pesa taslimu, gari isimame. Mkopo uacheni nje. Mwenye duka ana haki ya kuunyima, na mkiuingiza, kila anayenyimwa atasema kasusiwa. Talaka za siasa ni kazi ya wazee wa mke na mume, na kadhi.

Msiba wa mwanzo ndio mtihani. Wasuluhishi wanne wafike mapema. Wanaume wawili washike jeneza pamoja, wanawake waingie ndani kuhani (kutoa pole) pamoja. Kofia na kanga za chama zibaki nyumbani, hata kama marehemu alikuwa mwanachama kindakindaki.

Akitokea wa kuvunja makubaliano, aendewe siku hiyo hiyo, nyumbani kwake, na wasuluhishi wawili, mmoja wa kila upande. Akisemwa barazani mbele za watu, chama chake kitamtetea hata kama kakosa.