Kuendesha Gari Sensa ya Oksijeni Ikiwa Imekufa
Sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi ili kompyuta ya injini ijue kiasi cha mafuta, ikifa, injini ya petroli kwa kawaida huendelea kufanya kazi, kwa kuwa kompyuta hugawa mafuta kwa hesabu ilizowekewa kiwandani, kama inavyofanya kila asubuhi injini ikiwa bado baridi. Chomoa soketi ya waya zake na uifunge mbali na bomba la ekzosi lisije likaiyeyusha, lakini sensa yenyewe iache kwenye tundu lake, maana tundu lililo wazi huvujisha moshi wenye sumu unaoweza kuingia ndani ya gari. Baada ya siku chache fungua plagi za cheche za injini: ukikuta masizi meusi makavu, mafuta yanazidi, nawe usichelewe kununua sensa mpya, kwani petroli isiyoungua huenda kuwaka ndani ya masega ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, na kuyayeyusha, na masega ni ghali kuliko sensa.