Kubadilisha pedi za breki za mbele nyumbani

Pedi mpya huwa na unene wa takribani milimita 10. Zikibaki 3, zibadilishe hata kama gari bado linashika vizuri. Ukingoja mpaka usikie chuma kikisaga chuma, utanunua na diski pia. Badilisha za kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Egesha mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kupiga jeki. Gari likishainuka, weka stendi. Usifanye kazi kwenye gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Shughulikia upande mmoja kwanza. Ule mwingine utakuonyesha kila kitu kilivyokaa. Fungua bolti ya chini ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), mara nyingi kwa spana namba 12 au 14, kisha inua kalipa juu. Kama italazimu kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki (bomba linalopitisha oili), kwa sababu mpira huo unaweza kuchanika ndani bila kuonekana nje.

Sasa zitazame pedi ulizotoa. Ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje, pini za kalipa (zile inazoteleza juu yake) zimeganda, au pistoni inayosukuma pedi hairudi. Wengi huruka hapa, wakaweka pedi mpya juu ya tatizo la zamani, nazo zikaisha haraka vilevile. Chomoa pini, zifute, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake na pini zitakwama tena. Zikirudishwa ziteleze kwa nguvu ya vidole tu. Sugua kwa brashi ya waya sehemu pedi zinapokaa, hadi pedi mpya iingie kwa mkono bila kugongwa. Vumbi usilipulize, ni hatari kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Fungua kifuniko cha kopo la oili ya breki, lile lililo chini ya boneti. Weka pedi ya zamani juu ya pistoni, kisha isukume pistoni ndani kwa jiliwa (kibanio cha kukaza kwa skrubu), polepole. Oili itapanda kwenye kopo. Ikikaribia kufurika, inyonye kwa bomba la sindano. Ikidondokea rangi ya gari, imwagie maji mara moja, kwani huibabua. Pistoni ikigoma kabisa usiilazimishe: kalipa inahitaji matengenezo.

Panga pedi mpya, uso wake usiguswe na grisi wala oili. Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nati za gurudumu zikaze kwa kukingamanisha, yaani moja kisha ya upande wa pili, na umalizie gari likiwa chini.

Kabla ya kuliondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza utazama, maana pistoni iko mbali na pedi. Ikiendelea kuwa laini, kuna hewa kwenye mfumo: usiliendeshe. Ikiwa sawa, hakikisha oili iko kati ya alama mbili za kopo, ufunge kifuniko, kisha tafuta barabara tulivu. Punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 20, mara 8 hadi 10, bila kusimama kabisa, ukiacha diski zipoe kidogo kila mara.