Jinsi ya kuandika jina kwenye keki likae sawa

Wapishi wenzangu wa keki hapa Dodoma, mahafali yakikaribia kwenye vyuo vyetu, UDOM, St John's, Mipango na CBE, oda zinamiminika na karibu kila oda ina jina, na jina ndo kitu cha kwanza watu wanakiangalia kabla hata hawajaonja. Keki inaweza kuwa laini na tamu kabisa ila HONGERA ikianza kubwa ikaishia imebanana pembeni, kwenye picha kitaonekana hicho tu. Wengi wanadhani ni kipaji cha mwandiko, wanaogopa, wanaishia kuchomeka vibao vya plastiki kila keki. Mi naamini sio kipaji. Maandishi mazuri yanatengenezwa kabla hujaminya mfuko, kwenye ulaini wa krimu na kwenye kupima nafasi, mkono unakuja mwisho.

Vifaa sio vingi. Nozo, zile ncha za kuchomeka mbele ya mfuko wa krimu, za tundu la duara, namba 2 kwa jina refu au keki ndogo, namba 3 kwa herufi nene za keki kubwa, namba 1 iache mpaka uzoee maana inaziba haraka. Mfuko wa krimu, vijiti vya meno, rula, uzi mweupe safi na karatasi ya kuokea. Meza ya kuzungusha inasaidia sana ukiandika kwa kufuata mduara wa keki, mstari ulionyooka hauihitaji. Kama nozo huna, kata karatasi ya kuokea pembetatu, ikunje iwe koni kali, jaza nusu, kunja juu halafu kata ncha kidogo sana na mkasi, ukikata kubwa hairudi nyuma.

Krimu sasa, hapa tukae. Krimu ya siagi uliyopakia keki au kutengenezea maua ni nzito kwa kuandikia, ukiminya mstari unakatika katika na herufi zinatoka na meno meno. Chota pembeni kama kikombe kimoja, ongeza maziwa au maji kijiko kimoja cha chai, koroga taratibu kwa mkono bila mashine maana mashine inaingiza hewa na vile vipovu ndo vinakata mstari. Jaribu kwenye sahani, mstari ukitoka mrefu bila kukatika na ukabaki umesimama bila kutambaa, basi, ukikatika ongeza matone machache. Na aisingi shuga, ile sukari ya unga ya kutengenezea krimu, ichekeche na chujio laini kabisa tangu mwanzo, kidonge kimoja kikikaa kwenye tundu la namba 2 unaminya kwa nguvu, kinatoka kwa kishindo na herufi imeharibika.

Alafu kuna hewa yetu. Maelekezo mengi mtandaoni yanatoka kwa watu wa Dar ambako hewa ina unyevu, wao shida yao krimu kulegea na fondanti, ule mkando wa sukari wa kufunikia keki, kutoa jasho. Huku kwetu kuanzia mwezi wa 6 mpaka mvua zianze hewa ni kavu na upepo ni mwingi, krimu inaota ngozi juu na ncha ya nozo inakauka ukiwa bado unafikiria herufi inayofuata. Kwahiyo weka kitambaa kibichi safi kwenye glasi na nozo ichomeke humo kila unapopumzika, bakuli la krimu lifunike, na dirisha funga, sio kwa ajili ya kukauka tu, lile vumbi la Agosti likitua kwenye krimu nyeupe halitoki.

Kupima. Kwanza jina lenyewe, andika kwenye karatasi umtumie mteja kwa WhatsApp athibitishe, kuna Asha na Aisha, Hadija na Khadija, Elizabeti na Elizabeth, na kila mwenye jina lake analijua linavyoandikwa. Kisha weka keki kwenye friji mpaka uso ugande. Tandaza uzi, uvute pande mbili uubonyeze kidogo tu kwenye krimu, ukiuinua unaacha mstari ulionyooka, huo ndo mstari wako wa chini, na kama herufi ni kubwa weka na wa juu. Usianzie kushoto! Tafuta katikati ya keki na katikati ya neno. HONGERA ina herufi 7 kwahiyo G inakaa katikati kabisa, NEEMA katikati ni E ya pili, weka alama kwa kijiti halafu chora herufi nyingine kwa kijiti ukielekea pembeni, kushoto na kulia. Kumbuka M na W zinakula nafasi na I haili kitu. "Heri ya siku ya kuzaliwa" ina herufi 20, usilazimishe mstari mmoja kwenye keki ndogo, gawa mistari mitatu au andika jina tu, jina peke yake kubwa katikati linapendeza kuliko sentensi iliyobanwa.

Mkono: jaza mfuko nusu, usokote juu, mkono mmoja uminye na mwingine ushike karibu na nozo. Gusa keki, anza kuminya, inua nozo kidogo uache krimu idondoke kama uzi juu ya alama zako, ukiiburuza nozo ndani ya krimu lazima ichimbe. Sogeza mkono mzima kutoka begani, sio vidole. Kabla ya kufika mwisho wa herufi acha kuminya, gusa, ndipo uinue, hapo hupati mkia. Anza na herufi kubwa zilizoachana, za kuunganisha zije baadae. Mazoezi fanya kwa kuprinti jina kubwa, weka karatasi ya kuokea juu na ufuatishe, krimu unaikwangua unarudisha kwenye mfuko.

Keki ya wipingi krimu, ile krimu nyepesi ya kupiga mpaka iumuke, ni kesi nyingine, ina maji mengi na rangi kali inavuja, nyekundu na nyeusi hasa, kwahiyo andika karibu na muda wa kuipeleka au tumia chokoleti. Yeyusha chokoleti, andika juu ya karatasi ya kuokea, weka friji igande, bandua kwa ncha ya kisu na upange kwenye keki, herufi ikivunjika unaandika nyingine na keki haijaguswa. Tone la maji lisiingie kwenye chokoleti, itagandamana, na kwa sababu hiyo rangi za maji hazifai humo.

Rangi nyeusi anza na krimu yenye kakao ndo uongeze rangi ya jeli, kisha iache masaa kadhaa ikolee yenyewe, ukimwaga rangi nyingi papo hapo inakuwa chungu na meno ya wageni yanageuka meusi.

Ukikosea kwenye krimu ya siagi usifute ikiwa laini, utapaka doa. Rudisha keki kwenye friji mpaka herufi igande, ibandue kwa ncha ya kisu, lainisha pale kwa kisu kilichopashwa kwenye maji ya moto na kukaushwa, uandike tena.